Mwanya wa Baba Yako na Swali Lako la Kamera

Chumba cha Cherehani,
Nyumbani.
Jumapili, baada ya chai ya jioni.

Mpendwa Kicheko, binti ya kaka yangu,

Pokea marahaba kabla ya yote, maana nakujua, shikamoo umeshaitoa hata bahasha hujaichana. Hujambo lakini? Kifua kimepona? Mara ya mwisho ulikohoa kwenye simu mpaka nikatamani kuingia mle ndani nikupake dawa mgongoni. Na usiniambie tena kwamba ni baridi tu ya huko. Koti nilikushonea kwa mikono yangu, lina bitana nene, halikushonwa likae kabatini. Livae.

Sisi huku hatujambo. Goti langu linalalamika asubuhi, lakini nikishakaa kwenye cherehani linanyamaza lenyewe. Baba yako anakula, anabishana na redio, anamkosoa kila mtu aliyenyolewa na kinyozi mwingine. Kwa hiyo ni mzima.

Humu ndani utakuta kifuko cha kitambaa cha bluu, nimekishona pande zote. Usikifungue. Nakwambia mapema kwa sababu naijua mikono yako, tangu mdogo zawadi hukuwahi kuipa hata nafasi ya kupumua. Soma kwanza. Wakati wa mkasi ukifika nitakwambia.

Haya, tuje kwenye swali lako. Uliniuliza unitumie nini, simu mpya yenye kamera nzuri au kamera yenyewe, maana vyote viwili huviwezi. Ukasema unataka picha za kila siku, si za sherehe: mlango wetu, kamba ya nguo, baba akiwa kazini kwenye chumba chake cha kunyolea. Halafu chini kabisa ukaandika kwamba huna hata picha moja ya baba yako akicheka. Kwamba mwanya wako unauona kila asubuhi kwenye kioo, lakini wa yule aliyekupa huna.

Na uliandika hivyo ukijua kinachokuja, kwa sababu habari nilikupa mimi. Fizi zake zimeharibika, meno ya mbele ya juu yalikuwa yanacheza kama kifungo kilichobakiwa na uzi mmoja. Daktari alishasema yote yang'olewe kabla ya mwezi kwisha. Yaani mwanya wenyewe ulikuwa unakwenda zake, na sisi hatuna hata kumbukumbu.

Basi mwanangu, swali lako sikulichukua kama swali la madukani. Nililivalia njuga.

Nilianza na simu, kwa kuwa ninayo. Sifa yake kubwa ni kwamba ipo. Inakaa kwenye mfuko wa aproni, kitu kikitokea naichomoa. Nilimpiga picha mteja aliyevaa gauni langu kinyume na bado akalisifia. Nilimpiga paka wa jirani aliyelala juu ya mapazia ya watu. Lakini picha zote zilitoka na ukungu, kama zimepigwa jikoni sufuria likichemka. Nikasema simu imezeeka, nitamwandikia mtoto alete nyingine. Fundi viatu wa mlango wa pili akaichukua, akaigeuza, akanitazama kwa huruma.

"Dada, hii chaki ya kuchorea nguo umeipaka mwenyewe au imejipaka?"

Kumbe jicho la kamera limejaa chaki na nyuzi! Akalifuta kwa pindo la shati lake na picha zikawa safi. Usicheke. Fikiria ungenunua simu ya gharama kubwa, ikaja kuishi kwenye chaki ile ile.

Tatizo halikuwa simu, Kicheko. Tatizo lilikuwa baba yako. Wewe unamjua kaka yangu anavyocheka, kicheko chake kinavuka barabara kinanikuta kwangu. Kuna wateja wanamwomba amalize kucheka kwanza ndipo arudi sikioni na wembe. Lakini mwinulie kitu chochote chenye jicho la kioo uone. Mdomo unafungwa, kidevu juu, mikono ubavuni, macho ya mtu aliyeitwa polisi. Nikimwambia cheka, anatoa "hm hm" puani kama anayesafisha koo msibani.

Ndivyo walivyofundishwa. Enzi zao filamu ilikuwa ya kuhesabu, mpiga picha alikuwa anawafokea watu wazima kama watoto: funga mdomo, usipepese, usipumue. Itazame picha ya harusi ya wazazi wako. Siku ile watu walicheza mpaka viatu vikakatika, mimi nilikuwepo. Lakini pichani wote wamekaza nyuso kama wanasomewa hukumu.

Nikasema basi, labda dawa ni kamera. Nikavuka kwa Bwana Tulia, yule mwenye studio, tunayemwita hivyo kwa sababu ndilo neno lake pekee kazini. Kamera yake ya zamani aliniazima kwa sharti la kumkatia mikono ya mashati. Akanionyesha: ukiwa mbali unamvuta mtu mpaka unaona kope zake, na sura inabaki sura. Simu ukiivuta hivyo sura inakuwa uji. Tena hata mle anamonyolea baba yako, kwenye ile taa moja ya dari, kamera inaona vizuri.

Lakini nayo ina vituko vyake. Ni nzito, ilinining'inia shingoni kutwa kama nimevaa pasi. Na barabarani, lo! Simu ukiinua hakuna anayejali. Ukiinua kamera, mtu anataka kujua. Mmoja aliniuliza kama tunapimiwa barabara tubomolewe. Muuza matunda akaniomba nimsubiri akachane nywele, akarudi amebadilisha na blauzi.

Na baba yako? Akaenda kuvaa koti! Akafunga duka, mchana kweupe, mteja nje anasubiri, akakaa wima kwenye kiti kama anagombea cheo. Nikapiga, nikapiga, zote sanamu. Nikapandisha hasira.

"Kaka, si ucheke basi!"

"Nicheke nini? Kuna nini cha kuchekesha?"

"Mwanao anataka kuuona mdomo wako."

Akavua koti polepole, akaanza kukunja taulo ambalo lilikuwa limeshakunjwa. Akasema, "Mdomo umeoza huu. Unataka nimpelekee mtoto uozo akauangalie huko aliko peke yake?"

Nilidhani ni ukaidi, kumbe mwenzangu anaona aibu. Iliniuma, Kicheko. Nikarudi kwangu nikaharibu suruali ya mtu kwa kushona mguu wa kushoto kwenye wa kulia.

Sasa kumbuka Jumamosi ile uliyopiga simu ya video, ile ya mwisho kabla hajaenda kung'olewa. Mimi nilikuwa pale pale dukani kwake, kwenye benchi la wateja karibu na mlango. Kamera ilikuwa mapajani, naifuta nimrudishie mwenyewe, nimeshakata tamaa. Baba yako akakaa kwenye kiti cha kunyolea, akaipokea simu yetu hii moja kama anavyoipokea siku zote, akaishika juu ya kichwa kama anaangalia kama mvua itanyesha. Nikakusikia unapiga kelele: baba shusha simu, naona paji la uso na taa tu! Naye anaitikia kwa furaha, "Naam mwanangu, nakuona vizuri sana!"

Ukaanza kusimulia ulivyoingia duka la nguo ukamwamkia mama mmoja kwa heshima zote. Ukasema hakuitika, ukarudia kwa sauti, ukainama na kichwa. Kumbe ni sanamu la kuvalishia magauni.

Weee! Baba yako alipasuka. Alitupa kichwa nyuma, akalipiga goti lake kwa kiganja, mdomo wote wazi, mwanya huo hapo katikati, machozi yanamtoka. Kicheko hicho nakijua tangu tukiwa watoto. Na hapo ndipo akili iliponijia. Mtoto aliyemchekesha hakioni. Miaka yote hii anamchekesha baba yake, na anachokiona ni taa ya dari!

Nikainua kamera. Nikamvuta kutoka pale pale kwenye benchi, bila kusogea, nikabonyeza na kubonyeza. Hakusikia. Akiwa anaongea na wewe, hata paa likiondoka atadhani ni upepo.

Bwana Tulia alipozisafisha picha alisimama na ile moja mkononi kwa muda mrefu. Akasema, "Huyu hakutulia hata kidogo." Halafu akacheka, na mimi sikuwa najua kwamba Bwana Tulia ana meno.

Baada ya hapo meno yakang'olewa. Siku zile ulipopiga ukasikia baba anaguna tu, sasa unajua sababu. Alikuwa ananyoa watu huku amejifunga taulo mdomoni, haongei, hacheki, redio imezimwa. Wateja walikuwa wanatoka wanauliza kama amefiwa. Nikaona nimpelekee picha. Akaiangalia, akaisogeza mwangani, akaiangalia tena.

"Ndivyo nilivyo hivi?"

"Ndivyo ulivyo ukizungumza na mwanao."

Akaniomba nakala. Nikadhani ataibandika juu ya kioo cha dukani. Kumbe kaiweka mfuko wa shati, na kesho yake akaniambia nimsindikize kwa fundi wa meno ya bandia.

Yule fundi ni kijana mchangamfu. Akatuonyesha mfano wa meno aliyopanga kumtengenezea, meupe, yamepangana, hayana hata pa kupitisha uzi. Akasema mzee utarudi ujana. Baba yako akatoa picha, akaiweka mezani juu ya yale meno mazuri.

"Nitengenezee haya."

"Lakini mzee, haya yana nafasi hapa katikati. Watu huja kwangu niwazibie."

"Mwanangu anao mwanya kama huu, na yuko mbali," baba yako akasema. Ulimi ulikuwa unateleza kwenye fizi tupu, lakini kila neno nililisikia. "Siwezi kumwachia aubebe peke yake."

Mimi nilijitia kutafuta sindano kwenye mkoba. Sindano yenyewe sikuwa nayo. Nililia mwanangu, kwa nini nikufiche, nililia mbele ya fundi wa meno na wagonjwa wake. Kijana akachukua kipimo chake kidogo, akapima mwanya pale pichani, akasema picha ni safi, inafaa. Ile yangu ya chaki isingefaa kitu.

Kwa hiyo jibu lako ni hili: nitumie kamera. Si ile kubwa, shingo ni moja. Nitumie ndogo inayovuta mtu kutoka mbali, na mfuko wake nitaushona mwenyewe, chaki isiingie. Simu tuliyo nayo inatutosha. Paka na mteja wa gauni la kinyume nitaendelea kuwapiga kwa hiyo hiyo. Kazi yake kubwa ni kukuleta wewe pale kwenye kiti cha kunyolea, na hiyo inaifanya vizuri.

Ila nakuomba kitu kimoja. Usimwambie tena baba yako ashushe simu. Mwache aelekeze taa. Wewe mchekeshe tu, mimi nitakuwa kwenye benchi.

Sasa chukua mkasi. Kata uzi taratibu upande wenye fundo, usije ukamkata sikio.

Umemwona? Huyo ndiye uliyekuwa unaongea naye.

Fundi viatu anakusalimu sana, anasema viatu vyako vya shule bado anavyo, hana moyo wa kuvitupa. Bwana Tulia anakuuliza lini utakuja akupige picha, na ameahidi hatakwambia utulie. Mjomba wako na watoto wake wote wanakusalimu. Wasalimie na wewe wenzako wa hapo unapoishi, na lile sanamu la dukani ukilipitia, mwambie shangazi naye anamwamkia.

Mungu akufunike huko uliko, akulinde njiani na kazini, akuondolee hicho kikohozi, atukutanishe tukiwa wazima na meno yetu, yawe ya kuzaliwa au ya kununua.

Ni mimi ninayekupenda na sichoki,
Shangazi yako wa cherehani.

Bahasha nilikuwa nimeshailamba, nimeifungua tena. Meno ya baba yako yamekuja leo. Ameyavaa, amejitazama kwenye vioo vyote vya dukani kwake, cha mbele na cha nyuma, amepitisha ulimi kwenye mwanya mpya. Sasa amekaa kwenye kiti cha kunyolea, simu iko mkononi, na kila mara ananiuliza, "Kwani huyu mtoto leo hapigi?"