Hisa za Kampuni ya Kijana Wetu

Jumapili, Silver Spring

Na bado nina hasira kidogo. Leo baada ya ibada chama chetu cha kuwekeza kilikutana, na karibu wote wakataka tununue hisa za kampuni ya kompyuta anayofanyia kazi Brian, mtoto wa mwenzetu Mama Wanjiru. "Ni kijana wetu!" Utadhani tunachangia harusi yake.

Mimi nimesoma ripoti ya kampuni hiyo kwenye treni wiki nzima. Mauzo yanashuka, wateja wanahama. Nilipowaambia, wakaninunia. Nikaogopa nimemuumiza mama wa watu.

Tulipokuwa tukiosha vikombe, Mama Wanjiru akaninong'oneza, "Asante. Brian mwenyewe hajanunua hata moja. Nilishindwa nitasemaje."

Jumapili ijayo anakuja na miwani yake. Tutasoma pamoja ripoti ya kampuni ambayo hatuna mtoto ndani yake.