Sinia Bila Ugali

Igogo, Mwanza

Kwako Dada Koku,

Shikamoo dada. Natumaini goti lako limekupa nafuu, shemeji ameachana na kile kikohozi, na migomba iliyolazwa na upepo mmeshaitegemeza. Mimi mwili mzima. Mvua huku zimechelewa na joto limetukaba koo. Nyumba yangu unaikumbuka ilivyoegemea jabali. Mchana kutwa jabali linakunywa jua, jioni linalitapika lote chumbani kwangu. Ziwa liko hapo chini, unaliona kabisa, lakini upepo wake haupandi huku kwetu.

Nimeona nikuandikie kwa sababu kwenye simu mimi ni mwongo. Ukiniuliza kama nimekula, nasema nimekula. Ukiniuliza nimekula na nani, nasema mtandao unakata. Juzi uliniuliza tena, na mtandao ulikuwa mzuri tu. Ukasema chumba cha uani umeshakifagia, nifunge nyumba hapa nirudi nyumbani kabla ya Krismasi, maana mwanamume aliyefiwa na mke hawezi kukaa mjini anakula peke yake kama mchawi. Ukataka jibu. Jibu nitakupa, ila linapitia jikoni, kwa hiyo kaa vizuri.

Siku hizi nakula saladi. Usicheke, dada. Najua kwetu majani ni ya mbuzi. Binti yangu Kemi ndiye aliyenifundisha kwa simu kutoka Dodoma, nilipomlalamikia kwamba nikirudi kutoka kwenye injini za boti za watu, nimelowa jasho na dizeli, siwezi tena kukaa mbele ya moto. Akaniambia, "Baba, pika asubuhi, kula jioni kikiwa baridi." Nikamwambia huo ni uvivu. Akasema nijaribu kwanza ndipo nitukane.

Basi alfajiri, kabla bati halijaanza kulia kwa jua, nachemsha viazi na mayai kwenye jiko la gesi humo ndani. Maharage nayachemsha Jumamosi nayaweka kwenye friji. Jioni nikipanda kutoka mwaloni, boti zinakotia nanga, napitia kwa wauza mboga, nachukua nyanya ngumu, tango, parachichi, na sato mmoja wa kubanika. Sato namchambua miiba kwa vidole, taratibu, maana hakuna wa kunipiga mgongo nikikwamwa. Viazi nakata vikubwa vikubwa, maharage juu yake, mayai, halafu mafuta ya alizeti, ndimu na pilipili manga. Parachichi linaingia mwisho, na nachanganya kwa mkono, kwa sababu kijiko kinaponda kila kitu. Kinashibisha, nakuapia. Ukila sahani moja unalala.

Kitunguu ndicho kilichonisumbua. Sikujua kwamba unakifikicha kwa chumvi kwanza na kukiosha mpaka ukali uishe. Siku ya kwanza nilikikata hivihivi nimekaa mlangoni, machozi yakanitiririka, na jirani yangu Mama Nyanzobe akapita na ndoo yake ya maji. Akasimama. Nikamwambia ni kitunguu. Akasema, "Ndiyo baba, ni kitunguu," kwa sauti ile ya kumbembeleza mgonjwa, akaenda zake. Hakuniamini, na nikikaa nikifikiri, hata mimi sina hakika kwamba nilisema kweli.

Kwa sababu joto ni nusu tu, dada. Lile jiko la mkaa lipo palepale nje ya mlango alipoliacha Asteria, na kigoda chake kando. Tangu turudi kutoka kumzika huko nyumbani, yaani tangu nirudi, sijaliwasha. Nilijaribu ndizi mara moja. Nilimenya nyingi kama alivyokuwa akimenya yeye, nikajaza sufuria ileile, zikaiva vizuri, nikakaa nikazitazama mpaka zikapoa. Chakula cha moto kinaita watu. Kikiwa kinatoa mvuke na hakuna wa kumwambia karibu, kinakudhihaki. Saladi haina mvuke. Haikuulizi wengine wako wapi. Ndiyo maana naipenda, na ndiyo maana pengine hainifai.

Nilipoona nimeanza kuongea na redio, nikasema basi, mtu lazima ale na mtu. Nikawaalika Mama Nyanzobe na mumewe, Mzee Masanja, waje Jumapili baada ya ibada. Hao ni Wasukuma wa tangu na tangu, wapole, wamekaa mlango unaotazamana na wetu miaka yote. Asteria alikuwa akiwafahamu zaidi yangu. Mimi nilikuwa mtu wa salamu tu, Masanja ananiambia "mwadila", namjibu, nimepita.

Nilifanya kazi siku hiyo kama ninaoza binti. Nilitandika kitambaa chake cha maua, nikajaza sinia kubwa mpaka likawa kilima, mayai nimeyapanga kuzunguka ukingo. Wakaja wamevaa vizuri. Nikawanawisha mikono, nikaomba sala, nikasema karibuni.

"Asante," akasema Masanja, na hakugusa.

Nikasema tena karibuni jamani, jisikieni nyumbani.

"Tumeshakaribia, bwana fundi," akasema, mikono yake iliyonawa ameiinua kidogo juu ya magoti isichafuke.

Wewe unajua malezi yetu, mwenyeji haanzi kabla ya mgeni. Basi nami nikainua yangu. Tukakaa watatu, mikono hewani kama watu wanaosubiri kuvikwa pete, sinia katikati. Masanja akazungumzia mvua. Akazungumzia ng'ombe wake walioko kwa mdogo wake, mmoja baada ya mwingine, rangi na tabia ya kila mmoja. Mimi nikawaza, hawa wamekiona chakula hiki wamekidharau, na kesho Igogo nzima itajua kwamba yule Mhaya anawalisha watu majani. Nilitamani ardhi ipasuke.

Mama Nyanzobe akatazama sinia, akatazama mlangoni, kwenye jiko lenye majivu ya zamani. Akainuka. "Nakuja mara moja, kuna kitu nimeacha nyumbani."

Akakawia. Masanja akaanza ndama. Nikamsikia yule mama ng'ambo ya ua akipiga mwiko kwenye sufuria, na bado sikuelewa, dada, ndivyo nilivyo mzito. Nilielewa aliporudi na ugali umefunikwa, moshi unatoka, akauweka kando ya sinia langu bila kunitazama usoni. Akasema, "Unga huu nimeusagisha jana. Nikaona tuuonje wote."

Walikuwa wakisubiri chakula. Sinia langu lote lile kwao lilikuwa mboga, na mboga nzuri, ila mboga hailiwi peke yake. Wakakaa wakingoja niingize ugali, na nilipokaa tu nimenyoosha mikono, wakajua nimeishiwa unga na naona aibu kusema. Na yule mama akaificha aibu ambayo hata sikuwa nayo.

Tukala. Masanja akamega tonge, akalibonyeza, akachota viazi na samaki na parachichi kwa pamoja, akatafuna akiwa amefumba macho. "Mboga yako tamu," akasema. "Umesahau kuiweka motoni tu."

Nikashindwa kujizuia, nikamwambia kwamba hicho ndicho chakula chenyewe, kinaliwa hivyohivyo, na binti yangu ndiye aliyenifundisha.

Akanitazama kwa huruma kubwa. "Dodoma kuna njaa?" akaniuliza.

Nilicheka mpaka nikasogea kando nikafuta macho, na safari hii hapakuwa na kitunguu. Sikuwa nimecheka humu ndani tangu Asteria aondoke. Nilisikia sauti yangu nikaona kama ni ya mtu mwingine.

Wakati wa kuondoka Masanja alitangulia. Mama Nyanzobe akabaki mlangoni, anafunga kanga yake ambayo ilikuwa imefungwa tayari. Akasema, "Baba Kemi, mama yangu alitufundisha kutazama moshi wa jirani. Wako hatuuoni. Jioni nasimama pale naangalia, sioni. Namwambia mzee nenda ukagonge, anasema mwache, ni mtu mzima. Kula unachotaka, hata majani. Ila jioni washa jiko, tujue kama upo."

Dada, nilikuwa nafikiri hakuna anayejua kama nimerudi au sijarudi. Kumbe kila jioni kuna mtu anasimama uani ananitafuta, nami niko ndani nakata tango.

Basi nimeanza kuliwasha. Sipiki kitu. Naweka mkaa kidogo, nasukuma kigoda cha Asteria ubavuni, nakaa kwenye ngazi na bakuli langu la baridi, na moto unawaka bure kama kichaa. Ni joto, natokwa jasho. Juzi nilichelewa kwa sababu ya boti moja iliyogoma, nikaingia ndani moja kwa moja nikajitupa kitandani. Mlango ukagongwa.

"Upo?" Sauti ya Masanja.

"Nipo."

"Haya." Akarudi kwake.

Kwa hiyo jibu lako ni hili. Nakula peke yangu, dada. Jumapili ile ilikuwa Jumapili moja, na watu wana nyumba zao. Siku nyingi kinywa changu hakifunguki mpaka asubuhi ninapowasalimu wavuvi. Nakueleza hivi ili usiseme nilikuficha. Lakini usiniandalie chumba bado. Nikija sasa nitakuwa nimekimbia sufuria, na hapa kuna mtu atakayesimama uani jioni aone hakuna moshi, na safari hii akigonga hapatakuwa na wa kumjibu.

Njoo wewe. Njoo kabla joto hili halijaisha, goti likikuruhusu kupanda basi. Nitakutengenezea sinia langu, na ndizi nitakupikia kando, usije ukakaa na mikono hewani.

Msalimie sana shemeji, na mwambie asali kwenye chai inasaidia kifua. Msalimie shangazi yetu, ambaye najua atasomewa barua hii na atasema nimerogwa na Wasukuma. Msalimie mpwa wangu anayetunza ng'ombe. Senene wakianza kuanguka, nikumbuke kwa kifuko kidogo. Hao hata Masanja hatauliza ugali wao uko wapi. Na ukipita pale kwa Asteria asubuhi, kabla umande haujakauka, mng'olee majani. Mwambie jiko lake linawaka.

Ningeandika zaidi, lakini jua limeshuka nyuma ya jabali na naona mlango wa Mama Nyanzobe umefunguka. Naacha kalamu nikawashe.

Ni mimi mdogo wako,
Rwiza