Kiti Ni Chako, Mama Vieno

VIENO RAUTAHEIMO, Lahti

Mwaka umezunguka, Mama, tangu utuage, na jikoni kwako bado hakuna anayethubutu kukalia kiti cha dirishani. Mgeni akikisogelea tunamwambia, "Hapo pana mwenyewe."

Nyumba yako haikujua upweke. Jumamosi bafu la mvuke, sauna yako, likishapata moto, mtaa mzima ulikuwa kwako: nani kaachwa, nani karudiwa, nani kapaka nyumba rangi ya kutisha watoto. Ulisikiliza yote huku penseli ikitembea juu ya karatasi za kufungia mkate. Humo ndimo kilimozaliwa kile kiti cha mbao nyeupe zilizopindwa kwa mvuke.

Ulikipima kwa miguu yako mifupi. Baba, na urefu wake wote, akikikalia magoti yalimfika kidevuni, nawe ukamcheka: "Armas, umekaa au umekunjwa?"

Kiwanda kilichokitengeneza kiliandika chini yake "Rautaheimo" tu. Gazeti la nje likauliza huyo ni nani. Kiwanda kikajibu kwa Kifini chetu, ambacho mwanamume na mwanamke wote ni "yeye". Mfasiri kule akakata shauri kwamba yeye ni bwana. Mlicheka wote wawili, mkidhani yataisha. Kumbe kosa lilirudi nyumbani limevaa suti: kiwanda nacho kikaanza kukiuza kama "Kiti cha Armas."

"Tutasahihisha, mama watoto," alisema Baba. Hakusahihisha. Tulimpenda sana, lakini kwa hili hatumfichii, hata kaburini.

Wewe wakakufanya mke hodari wa kukaribisha wageni. Mkurugenzi wa kiwanda aliposifia kahawa yako mbele ya watu, ulimjibu: "Kahawa nimenunua dukani, bwana mkubwa. Nilichotengeneza mimi umekikalia." Akacheka, akidhani mzaha. Shangazi Helvi anakisimulia kisa hicho mpaka leo, na kila mara anamwongezea mkurugenzi kipara.

Hospitalini ulimshika binti yako Sirkka mkono. "Msiniandikie mke wa mtu tu, mwanangu. Andikeni na kazi yangu." Jiwe lako limeandikwa: Mbunifu wa viti.

Bado kibao kimoja. Jumamosi hii jumba la makumbusho la mji linafungua maonyesho, na kiti chako kimewekwa katikati ya ukumbi, na kibao chake kina jina la Baba peke yake. Tuliwaendea. Wakasema watu wameshalizoea jina hilo.

"Walilizoea hilo, watazoea na hili," Sirkka akawaambia, akavaa koti lake.

Basi, Mama, kumbukumbu yako tunaifanyia humo humo. Sauna itasubiri. Yeyote mwenye kiti hicho nyumbani, aje nacho. Tutakiandika jina lako kwa penseli, tukae nacho mbele ya kibao chao mpaka waishiwe visingizio. Kahawa ipo, mikate ya iliki ipo. Warefu watuvumilie kwa magoti yao.

Wanaokukumbuka ni binti zako Sirkka na Pirjo, mkweo Taisto, wajukuu wako Otso na Lumi, wifi yako Helvi, na majirani wote wa Jumamosi.

Hatutakusahau kamwe, Mama, wala hatutawaacha wao wakusahau. Wakifungua mlango, watatukuta tumekaa.