Zamu Yako Kwenye Tangi la Baridi

Mwaka umeshazunguka, mpenzi wetu, tangu asubuhi ile uliposema kichwa kinakuuma kidogo, ukanywa maji, ukaenda kazini. Jioni tuliitwa kuutambua mwili wako. Nyumba hii bado hatujaizoea.

Majirani walikuita Daktari wa Mbu. Kila mara ulisimama getini kuwasahihisha, kwa ile sauti yako ya chini: "Mbu ana watu wake jamani. Mimi ni wa mdudu wa malaria, yule anayepanda mbu kama abiria." Wakacheka, na kesho yake wakakuita vilevile.

Tunakumbuka ulivyotueleza kazi yako mezani. Ulichukua kijiko, ukakifumbata kwenye ngumi. Ulisema mdudu jike wa malaria, angali ndani ya damu ya mtu, huandaa mapema ujumbe wa RNA, yaani maagizo ya kumjenga atakapofika kwa mbu. Kisha ziko protini zinazoushika ujumbe huo, usisomwe kabla ya wakati wake.

"Sasa hiyo ngumi inafumbuliwa lini?" mama mkwe wako akauliza.

"Akishanyonywa na mbu, mama."

"Si umzuie tu asifumbue?"

"Mimi namnyang'anya ngumi yenyewe. Ujumbe unaharibika, naye anafia tumboni mwa mbu. Hamfikii mtu mwingine."

"Haya mkwe, nimeelewa. Nawe fumbua yako, nirudishie kijiko changu, chakula kinapoa."

Wadudu hao wasio na ngumi ulihangaika nao miaka. Wengi walikufa mikononi mwako, ukaanza upya bila kununa. Wachache waliokubali kuishi uliwagandisha kwenye vichupa, ndani ya tangi la naitrojeni, kimiminika chenye baridi kupita barafu. Mumeo, fundi wa friji aliyejifunza kwa kufungua mabovu, alikutania: "Friji lisilo na waya? Hiyo ni ndoo, mke wangu." Ukamjibu, "Ndoo, sawa. Ila ikikauka, kazi yangu yote imekwisha." Ndiyo maana pale maabara mlipeana zamu za kuijaza.

Siku za msiba, hilo tangi ndilo lililomshikilia mumeo. Kila aliyempa pole alijibiwa, "Wadudu wake wapo. Kazi yake itaendelea." Wenzako wa maabara walikuja wote, hakubaki hata wa kufagia. Walibeba jeneza, waliosha masufuria, walilala kwenye mikeka yetu.

Mumeo alipokwenda maabara kuchukua koti lako la kazi, aliomba kuliona tangi. Yule dada mliyefanya naye kazi meza moja alianza kulia kabla ya kufungua mfuniko. Mumeo akaingiza mkono. Ndani hamkuwa na ubaridi wowote. Hakuhitaji kuelezwa, fundi wa friji anajua maana ya kitu kilichoyeyuka.

"Shemeji, tulikuwa wote kwenu," dada yule akasema. "Kila mtu akadhani mwenzake amejaza."

"Zamu ilikuwa ya nani?"

Akaonyesha koti lako kwa kidole. "Yake."

Mumeo akaurudisha mfuniko. Kisha akasema, "Asanteni kwa kuja kumzika," akachukua koti, akatoka.

Walijaribu kuwatengeneza upya wale wadudu. Wanakufa wote. "Mkono wake hatuna," wanasema. Juzi wametuambia wameacha. Hatuna la kukuficha, mpenzi wetu: hakuna ulichokiacha pale ambacho bado ki hai. Tulitafuta neno la kujifariji tuliweke hapa, tukalikosa.

Hatuwalaumu. Hapa nyumbani Jumatano ilikuwa zamu yako ya kupika, na hakuna aliyeichukua. Binti yako mkubwa alijaribu mara moja. Alimenya vitunguu, akaviacha juu ya meza, akaenda kujifungia chumbani. Tangu hapo Jumatano jiko haliwashwi. Tunakula mkate, kila mtu kwenye kona yake. Kama sisi tuliokuzaa, tuliokuoa na uliotuzaa hatuwezi kuishika zamu yako, tutamlaumu nani?

Unakumbukwa na mumeo; binti zako wawili; mama yako mzazi; mama mkwe wako, aliyekiweka kile kijiko kando na hataki kiguswe; kaka yako seremala; na wenzako wote wa maabara.

Tutakukumbuka daima. Jumatano bado ni yako.