Kaka Masanja, Bahari Tumeiona

Hapana kaka, siyo ziwa. Bahari yenyewe, ya chumvi, kule Pangani. Hela nimetoa wapi usiniulize, wewe umeshakufa, shida za hela tuachie sisi. Ulisema mwanao Kabula akifika darasa la nne utampeleka akaione. Kafika. Wewe haupo tangu mwaka juzi. Basi likizo ya mwezi wa sita nikambeba yeye, mke wako na mama yetu, tukakaa kwenye basi mpaka miguu ya mama ikavimba kama viazi.

Tukafika kambini, pale ufukweni. Ungecheka. Mahema! Watu na akili zao wanalipa walale kwenye turubai. Mimi na wewe tumelala turubai machimboni Nyarugusu miaka sita, nani aliwahi kutuita watalii? Mama akasogea mpaka kwenye maji, akaonja, akatema. "Maige, maji yote haya na ng'ombe hawezi kunywa hata funda moja? Sasa ya nini?" Akarudi hemani kula michembe yake, viazi vyake vikavu.

Mimi nikawa mcheshi kama kawaida. Tangu tukuzike ndiyo kazi yangu, kuchekesha. Mke wako akinyamaza tu namrushia utani, maana akinyamaza sana ataniuliza. Unajua tulichomwambia. Siku ile tulipokutoa kwenye duara la dhahabu, tulimwambia shimo liliporomoka likakumaliza palepale, hata maumivu hukuyasikia. Tulikubaliana wote, mimi nikawa msemaji. Na mpaka leo nikipita pale tulipolifukia lile duara nakusikia unagonga. Tatu, unapumzika, tatu. Mchana kweupe, mashine zinanguruma, nakusikia wewe tu.

Sasa siku ya pili pale kambini, asubuhi, nimetoka kununua maandazi. Narudi naona kichwa cha Kabula juu ya mchanga. Kichwa tu. Watoto wa mahema ya jirani wamemfukia mpaka shingoni, ndiyo mchezo wao wa huko, na yeye anacheka. Anacheka kaka, meno yako yaleyale, na mimi cheko sikuliona. Maandazi nikatupa. Nikapiga ukelele: "Zimeni mashine! Kimya! Kimya wote!" Nikalala kifudifudi, sikio kwenye mchanga.

Mashine gani, ufukweni? Jamaa mmoja akazima redio yake. Watu wakacheka mpaka wakashika matumbo. Mama naye: "Huyo ndiye Maige wangu, hana dogo." Kabula akasema, "Baba mdogo, mimi niko juu, mbona unanitafuta chini?"

Lakini nilikusikia kaka. Mbali kote kule. Tatu, ukapumzika, tatu.

Mke wako peke yake hakucheka. Akanisubiri nimfukue mtoto kwa mikono, nijikung'ute, mama na Kabula waende kwenye maji. Ndipo akaniuliza.

"Shemeji, kule machimboni mnazima mashine ili iweje?"

"Ili tusikie."

"Msikie nini?"

Nikatafuta utani. Naapa nilitafuta, kila mfuko.

"Kama aliye chini anagonga."

"Baba Kabula aligonga?"

Nikamwambia. Kwamba uligonga tangu asubuhi mpaka saa tisa. Kwamba udongo ulikuwa bado unashuka, wenzetu wakasema akiingia mwingine tutazika wawili. Na mimi ndugu yako koleo lilikuwa mkononi, nikaliweka chini. Ulikuwa... ulikuwa bado unagonga. Hiyo sijawahi kuitamka, hata kaburini kwako nikija naongea habari za mpira.

Hakunipiga. Afadhali angenipiga. Akasema tu, "Ndiyo maana unaongea bila kupumua," akaenda kukaa peke yake, kanipa mgongo. Siku zilizobaki Kabula akawa ananiuliza kwa nini mama yake hanisalimii. Nikamwambia kameza maji ya chumvi.

Tumerudi Shinyanga wiki ya pili sasa. Jana kaja mlangoni kwangu, kasimama, kiti kakataa. "Jumamosi unipeleke Nyarugusu. Nataka nikae pale alipogonga."

Kaka, kama unaweza kunisamehe, nisamehe. Kama huwezi, tuongee biashara, mimi unanijua. Nitampeleka. Njiani sitamchekesha, akitaka kulia alie. Upande wangu ndiyo huo, nimeahidi. Upande wako ni mmoja: akikaa pale, usigonge. Hiyo saa moja tu. Asikie upepo, asikie watu wanavyobishana kule kwenye maduara mengine, anyanyuke aende zake akamlee mtoto. Akishapanda gari mimi nitabaki. Hapo gonga unavyotaka, mchana kutwa, Jumamosi hiyo na nyingine zote, na safari hii siondoki mpaka unyamaze mwenyewe. Kwaheri kaka.

Ukikubali, usijibu.