Nyigu kwenye Tundu la Ufunguo

Jumapili, 2 Machi

Nyigu mweusi, kiuno kama uzi, amepata nyumba: tundu la ufunguo la chumba cha Kaka kule uani. Aliingia, akatoka, akazunguka kitasa, akaingia tena kinyumenyume! Kama mpangaji anayekagua chumba kabla ya kuhamia.

Chumba kimefungwa tangu mwezi uliopita. Kaka aliacha chuo cha uhasibu akaenda kujifunza kuchomelea vyuma. Baba akafunga mlango, ufunguo akautia mfukoni mwa shati. Kaka analala kwa rafiki yake, na amesema harudi mpaka mlango wake uwe wazi. Mama hapiti tena upande ule. Kwa hiyo uani tuko wawili tu — mimi na nyigu.

Jumanne, 4 Machi

Nimemfuata. Si rahisi. Yeye anapita juu ya ukuta, mimi nazunguka getini. Nimempoteza, nimempata, nimempoteza. Mwisho nikamkuta kwenye bomba linalovuja nyuma ya kibanda cha fundi cherehani. Anakwangua tope kwa meno, analifinyanga kidonge, anaruka nalo. Pembeni sisimizi walikuwa na panzi aliyekufa, kila mmoja anavutia kwake, panzi anazunguka palepale. Nilichuchumaa mpaka miguu ikafa ganzi.

Fundi akachungulia. "Inspekta! Leo unamkamata nani?" Wateja wakacheka. Nilitaka kujibu kitu cha kuchekesha. Nikasema shikamoo. Na nilishamwamkia asubuhi!

Alhamisi, 6 Machi

Leo analeta viwavi. Wa kijani, kutoka kwenye ua wa michongoma njia ya shule. Hawajafa — amewachoma tu wapooze, ili mtoto wake akianguliwa akute chakula kibichi. Kwa Kiingereza cha bayolojia ningeandika "caterpillars were observed" na mwalimu angeweka vema. Hapa naweza kusema: mwili ulinisisimka, na sikuondoka.

Jioni ameziba tundu. Tope limelala sawa na kitasa. Katikati kuna kibonyeo kidogo, pale alipogandamiza kwa kichwa.

Jumatatu, 10 Machi

Mezani. Mama alisema, bila kumtazama Baba, kwamba mtoto anahangaika kwenye magodoro ya watu. Baba akatafuna, akameza. Kisha: mlango ule ameshaufungua tangu juzi Jumamosi, mwanao ndiye hataki kurudi.

"Umefungua? Kweli?"

"Nimeshasema nimefungua."

Mama akamwongezea mchuzi bila kuombwa.

Nikaenda uani kufua soksi ambazo hazikuwa chafu. Tope lipo. Kibonyeo kipo. Hakuna ufunguo uliopita hapo.

Baba amedanganya. Nimeiandika na sijaifuta. Ajabu.

Jumatano, 12 Machi

Mama kampigia Kaka. "Baba yako ameshashuka, wewe unangoja nini, tarumbeta?" Kaka akasema kitu. "Usinijibu hivyo! Mlango u wazi, mgumu ni wewe."

Akanipa simu nimsalimie. Maneno yalikuwa tayari mdomoni: Kaka, bado umefungwa. Lakini Mama aliniegemea begani, anasikiliza, anatabasamu! Nikamwambia Kaka nimeona kereng'ende mwekundu mtaroni.

"Safi sana, mdogo wangu," akasema. "Basi Jumamosi nakuja. Nikiukuta wazi, nabaki. Nikiukuta umefungwa, ndiyo basi tena, msinitafute."

Kereng'ende! Mtu mzima na akili zangu.

Jumamosi, 15 Machi

Sikutoka kutembea. Nilisimama mbele ya Baba na gazeti lake mpaka akachoka kujifanya hanioni.

"Unasemaje?"

Nikasema tundu la ufunguo kule uani limezibwa na nyigu. Ufunguo hautaingia. Nilikuwa naongea na vidole vyake vya miguu.

"Tangu lini?"

"Alhamisi ya wiki iliyopita, Baba."

Alikuwa anahesabu, nilimwona. Alhamisi inatangulia Jumamosi, hilo halina ubishi. Akakunja gazeti, akalikunja tena. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.

Sasa naandika nikiwa dirishani kwangu, linatazama uani. Amepiga magoti mbele ya mlango, na shati lake la kutokea. Anachokonoa tope kwa njiti ya kiberiti, taratibu, kama anamtoa mtoto mwiba. Vipande anavipokea kiganjani. Kiwavi mmoja ametoka, bado wa kijani. Baba amemtazama muda mrefu kuliko nilivyotegemea.

Ufunguo umeingia nusu. Haugeuki. Anautoa, anapuliza, anaingiza tena. Mama yuko jikoni anaimba, hajui lolote.

Pikipiki imesimama getini. Mama ameacha kuimba — "Mwanangu! Pita, pita, kaweke begi lako chumbani!"

Baba amegeuka. Ameniona. Jasho hadi kwenye kola. Ananyoosha kidole upande wa mlango wa mbele, halafu anafanya mkono hivi, kama mtu anayevuta uzi mrefu. Nimemwelewa. Niende nikamcheleweshe Kaka kwa maneno.

Mimi! Maneno!

Hatua za Kaka ziko koridoni tayari, anauliza mbona nyumba imepoa hivi, watu wako wapi. Kalamu chini. Nikifungua mlango huu sijui nitakuwa upande wa nani.