Wanaomfuata Yerko

Lota, Jumapili baada ya misa

Mdogo wangu Nibaldo,

Natumaini kondoo wa tajiri wako wamenusurika na theluji, na kifua chako kimetulia. Huku kwetu mvua haikatiki.

Najua huko malishoni kusini simu hazishiki, kwa hiyo hujui mwanao amekuwa nani. Yerko aliumia goti akicheza mpira uwanjani, huko Santiago. Akiwa kitandani hospitalini akaweka picha yake mtandaoni, kavaa kofia ya sufu niliyomfumia mimi. Nibaldo, dunia nzima ilimjibu! Watu wa Indonesia, wa Misri, wa nchi ambazo hata kuzitamka siwezi, wanamwombea kwa lugha zao. Jirani yangu Eliana, aliyenishikia simu nisome, alicheka: "We Herminda, kofia yako ina mashabiki kumshinda rais!"

Mimi sikucheka. Nilifanya ishara ya msalaba, kama mtu aingiaye kanisani. Huyu si yule mtoto aliyekuwa akirudi nyumbani mweusi kwa vumbi la makaa ya migodi ya hapa Lota, mpira kwapani? Leo watu wasiomjua wanamlilia.

Jioni nikampigia. "Umewaona wote hao, mwanangu?"

"Nimewaona, shangazi. Baba je, ameandika?"

Nikamwambia barua za kusini huchelewa.

Mlichogombania wewe na yeye mnakijua wenyewe. Daktari anasema atalala pale muda mrefu. Shuka mjini, utafute simu. Namba yake nimeiandika nyuma ya karatasi hii, na usimwambie kwamba nimekutuma.

Dada yako akupendaye,
Herminda